Uso Wangu Kwenye Jiwe la Radisav

Nilikuta mtu ameshaniwashia mshumaa wa maiti.

Ilikuwa Jumamosi ya wafu, ile ya mwezi wa pili kabla ya mfungo wa Pasaka, na theluji ilikuwa inafika magotini. Nilipanda makaburini pa Jelov Vrh na sufuria ya ngano ya kuchemsha na chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, kwa ajili ya marehemu mama mkwe wangu, kama ninavyofanya kila mwaka tukiwa huku. Watu walishafagia mawe yao, wametandika vitambaa juu yake, wanakula nyama baridi na mikate pamoja na wafu wao. Rakija kidogo wanamwaga chini, nyingi wanamwaga kooni. Kando ya kaburi la mama mkwe kulikuwa na jiwe jipya, jeusi, refu kunizidi, linang'aa kama viatu vya afisa. Mbele yake alisimama Stojna, kikongwe wa kitongoji cha juu ambaye hashuki mjini tangu theluji ya kwanza, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Maskini Vuka," alikuwa anasema. "Duniani hukutulia, basi tulia huko."

Nikalitazama jiwe. Upande wa kulia alichorwa mume wangu Radisav na kofia yake ya sufu, mdomo umefumbwa kama mtu aliyewahi kufikiri jambo. Upande wa kushoto nilichorwa mimi. Jina langu kamili, Vukosava, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu. Na chini yetu, juu ya ski mbili zilizopishana, zile mbao za kutelezea thelujini, fundi alikuwa amelichora kombi letu, hata ile sehemu iliyobonyea kwenye mlango wa nyuma hakuisahau.

"Dada Stojna," nikasema.

Akageuka. Akanitazama mimi, akalitazama jiwe, akanirudia.

"We si umekufa?"

"Bado."

"Sasa huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi nimelia bure," akasema, na sasa akaanza kukasirika. "Nimekumwagia rakija ya marehemu mume wangu, ile ya mwisho aliyoipika kwa mkono wake. Ungetuma hata mtu aje aseme uko hai."

"Mimi mwenyewe nimejua sasa hivi kwamba nimekufa."

"Lakini jiwe ni zuri," akasema, analipapasa. "Radisav amekuheshimu. Mimi wangu aliniachia msalaba wa mti, na bado niliuchimbia mwenyewe."

Nikainama nikauzima mshumaa kwa kidole gumba. Ngano nilimwachia mama mkwe, yeye hana kosa. Rakija niliondoka nayo.

Kujijengea kaburi ukiwa hai si ajabu kwetu. Nimewaona wanawake wengi wanaokuja kila mwezi kufuta vumbi kwenye nyuso zao wenyewe, wakimaliza wananunua mboga wanarudi nyumbani. Lakini wale walikaa na waume zao mezani wakachagua picha. Mmoja namjua alirudisha jiwe mara mbili kwa sababu ya mtindo wa nywele. Mimi sikuulizwa. Na wiki nzima watu walikuwa wananipongeza. Mwenye duka la mikate aliniambia, "Hongera, mmejipangia vizuri," nami nikamshukuru, nikidhani anasema bati jipya la kibanda chetu.

Mimi na Radisav ni watu wa misimu. Tunanoa ski za watu na kuzipaka nta, na kazi hiyo iko popote palipo na mlima na watu wa mjini wanaotaka kuanguka. Majira ya joto tulichuma pichi Ugiriki, au tulipaka rangi vyumba vya wageni pwani ya Montenegro. Theluji ikianguka tulipakia tupa, pasi na jiliwa kwenye kombi tukapanda. Kila mwaka mlima mwingine: Bosnia, Bulgaria, Romania, Slovakia, mara moja mpaka Georgia. Tulilala humo ndani, kwenye kitanda nilichokitengeneza mwenyewe kwa mbao ngumu, na chini yake ndipo ilipokaa nta. Mimi nilisoma shule kwa vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji ule, kwa kuwa baba alitengeneza reli. Sijawahi kuuonea wivu mti kwa sababu una mizizi.

Kisha goti la Radisav likaharibika, tukaja kwao Jelov Vrh, mji wenye lifti za viti za kupandisha watu mlimani, hoteli za saruji na mashemeji. "Msimu mmoja tu, Vuka," alisema. Ukafuata mwingine, na mwingine. Nilivumilia kwa sababu tulishaafikiana. Mwaka huu, likizo ya shule ikiisha na wageni wakipungua, tunakwenda Gudauri, huko Georgia, ambako theluji inakaa mpaka baada ya Pasaka na mwenye hoteli bado ananiuliza tutarudi lini. Radisav alinipa mkono. Nilijua, na yeye alijua, kwamba kama msimu huu ukipita bila kuondoka, hatuondoki tena. Tutakuwa wazee wa Jelov Vrh, basi.

Na kombi? Kombi, alisema tangu Krismasi, liko gereji bondeni, giaboksi inalalamika.

Niliteremka kutoka makaburini moja kwa moja mpaka kibandani kwetu, chini ya lifti. Radisav alikuwa amebana ski kwenye jiliwa, anapitisha tupa. Bwana mmoja wa Belgrade alikaa kwenye benchi akisubiri ski za wanawe, simu mkononi.

"Kombi liko wapi, Radisav?"

"Gereji. Si nilikwambia?"

"Nimeliona."

Akaendelea kupiga tupa. "Umeliona wapi?"

"Makaburini."

Tupa ikasimama. Nilidhani ataona aibu. Loo, mtu huyu uso wake uling'aa kabisa.

"Nilitaka nikupeleke mwenyewe," akasema, "siku yenye jua, ulione jiwe vizuri. Limesimama sawa? Gvozden alisema ardhi imeganda, huenda likainama kidogo."

Gvozden ni binamu yake, mchonga mawe wa bondeni.

"Ile picha yangu mmeitoa wapi?"

"Ile ya Gudauri. Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Kwenye ile picha nilikuwa nacheka."

"Ndiyo."

"Pale kwenye jiwe sicheki."

"Gvozden aliufumba mdomo," akasema Radisav. "Alisema kwenye kaburi meno hayapendezi."

Bwana wa Belgrade akanyanyuka. "Naweza kupita baadaye, mama."

"Kaa," nikamwambia. "Hapa ndani ni wewe peke yako ambaye hujachongwa."

Akakaa.

"Na umemlipa nini Gvozden?" nikamuuliza mume wangu, ingawa nilishajua. Tulikuwa na kitu kimoja tu kikubwa duniani.

"Yeye alikuwa anatafuta gari la kubebea mawe," akasema. "Sisi la kwetu limesimama tu. Mimi goti hili, wewe mgongo huo. Tunakwenda wapi tena, Vuka?"

"Georgia. Mwezi ujao. Ulinipa mkono."

"Nilikupa mkono ili ulale."

Bwana wa Belgrade alikuwa anaangalia viatu vyake kwa makini sana.

Radisav akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha lile goti. "Unamkumbuka Milenko," akasema. Milenko alikuwa kaka yake, dereva wa lori, alifia kwenye maegesho Romania katikati ya baridi, akakaa kwenye friji ya maiti ya ugenini mpaka alipopatikana mtu wa kumrudisha. "Alikuja kwenye sanduku la bati, limechomelewa. Mama hakumwona. Mpaka anakufa alikuwa anauliza kama kweli ni yeye aliyekuwa mle. Sitaki hivyo. Sitaki mimi, sitaki wewe. Nataka nijue tutalala wapi."

"Jua. Nani amekukataza? Simamisha jiwe lako, jichore umepanda farasi ukitaka. Mimi ulinitia humo kwa nini?"

"Wewe ni mke wangu."

"Ningekuwa mke wako ungeniuliza."

"Nilijua utakataa," akasema, taratibu, kama anamweleza mtoto. "Ndiyo maana sikuuliza."

Nimetukanwa kwa lugha nyingi kwenye milima mingi, lakini hakuna neno lililowahi kunipanda kichwani kama hilo. Lilikuwa halina hata kelele. Alijua nitakataa, akaona njia nzuri ni kunizika kwanza. Kama angenipiga ningekuwa na cha kumrudishia.

"Ski za wanangu ziko tayari?" akauliza bwana wa Belgrade.

"Muulize marehemu," nikasema, nikatoka.

Kuna jambo Radisav alilisahau, au alijisahaulisha. Kombi lile limeandikwa jina langu. Yeye leseni alinyang'anywa zamani Bosnia, alipoegesha gari ndani ya mgahawa akiwa amelewa, na tangu siku hiyo anayeendesha ni mimi na mwenye gari ni mimi. Ufunguo wangu nautembeza shingoni, kwenye kamba moja na msalaba. Nilipanda basi la bondeni.

Uwanja wa Gvozden uko ukingoni mwa barabara kuu. Kombi lilisimama katikati ya mawe, milango ya nyuma wazi, limelaliwa na vipande vya matale, yale mawe magumu ya makaburi, mpaka springi zimekaa chini. Kitanda changu kiliegemezwa ukutani nje, kwenye theluji, na kuku wametua juu yake.

Gvozden akatoka, amejaa vumbi kichwani mpaka kwenye nyusi. "Shemeji, karibu. Umeliona jiwe? Niambie kweli, nimekupunguza miaka au sikukupunguza?"

"Umenipunguza mdomo."

"Eh, mdomo. Kaburi halipendi meno."

"Toa mawe yako kwenye gari langu, Gvozden."

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Shemeji, tumekubaliana na Radisav. Kazi ya wiki nyingi ile. Mkono wangu ulikufa ganzi kwa ajili ya ile kofia yake tu."

"Gari la Radisav mchukulie. Ana gari?"

"Vuka, usinifanyie hivi."

"Mimi nakufanyia? Ulikaa na uso wangu hapa wiki nyingi, ukanipima pua, ukanifumba mdomo, na siku moja hukupata simu ya kuniuliza, shemeji, wewe unataka kufa?"

"Mume wako ndiye aliyeagiza."

"Na mwenye kombi nani? Ulipokuja kulichukua kule juu, ulilichukua wakati mimi niko wapi?"

Akajipangusa vumbi kwenye nyusi. Alilichukua mchana ule niliokwenda kununua nta. Wote wawili walingoja niondoke, kama watoto wanaoiba sukari.

"Basi sikiliza," akasema. "Jiwe halirudi nyuma. Nimeshalichora, nimeshalisimamisha. Nitalifanyia nini jiwe lenye uso wa Radisav? Nani atalinunua?"

"Mkwangue Vuka, umbakishe Radisav."

"Haifutiki, shemeji. Ni matale. Labda nilikate katikati."

"Likate."

"Litabaki jembamba, litaonekana kama mlango wa choo."

"Atakaa mlangoni basi. Anapenda kukaa."

Alinitazama, anapima kama nitapiga kelele mpaka majirani watoke. Nadhani aliona kwamba nitapiga. Akaita jina la Mungu, akavaa glavu. Tuliyashusha mawe pamoja, mimi nikishika upande mmoja na yeye upande mwingine. Kitanda nilikirudisha mwenyewe, na manyoya ya kuku juu yake. Nilipowasha, giaboksi ilikuwa haina ugonjwa wowote.

Aliponifungulia geti aliinama dirishani. "Shemeji, Radisav hana nia mbaya. Anaogopa tu."

"Na mimi naogopa," nikamwambia. "Mbona sijamzika mtu?"

Asubuhi yake nilipakia. Jiliwa moja, tupa zangu, pasi, nusu ya nta. Nusu nilimwachia, na jiliwa kubwa, na ski zote za watu zilizopangwa ukutani. Ilikuwa wiki ya likizo ya shule, wiki ambayo kibanda kinatapika watoto, na nilijua namwacha pabaya. Nilitaka nimwache pabaya. Yeye alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa akinitazama nikipita na kurudi, hakusaidia wala hakuzuia. Nilipokaa kwenye usukani alifunga kibanda kwa kufuli, akaja akikokota mguu, akapanda upande wake, akajifunga mkanda.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Endesha."

Nikaendesha. Nitasema kweli, kwenye kona za kushuka bondeni hasira ilianza kulegea. Alitoa soseji mfukoni akaikata, akanipa kipande kwenye ncha ya kisu kama tulivyokula barabara zote hizo. Tulipita Niš, tukaingia barabara ya kuelekea Bulgaria. Nilikuwa naanza kujisemea, haya, mwanaume amekubali, hakujua namna ya kusema.

Pirot, mji ulio karibu na mpaka, tulisimama kunywa kahawa. Akakoroga sukari, akasema, "Nimeongea na Gvozden asubuhi."

"Kuhusu nini?"

"Nimemwambia asilikate jiwe. Atatusubiri. Msimu huu tukitoka Georgia, tunamwachia kombi, tunamaliza. Umefurahi? Umeshinda. Umepata safari yako moja."

"Umempa tena."

"Nimemwahidi tu."

"Umempa tena gari langu, ukiwa umekaa ndani yake."

"Vuka, punguza sauti, watu wanakula."

Nilipunguza. Nilimwambia kwa sauti ya chini kabisa, mpaka ikabidi ainame anisikie. Nilimwambia kwamba nimelala naye kwenye maegesho ya nchi zaidi ya nilizosoma shuleni, nimemsugua goti lile kwa mafuta ya nguruwe, nimeendesha yeye akiwa amelewa na nimeendesha yeye akiwa mzima na mkali zaidi. Kwamba sikuwahi kumwomba nyumba wala pete nyingine wala mtoto baada ya yule tuliyempoteza. Nilichoomba ni kuulizwa. Na kama hilo ni zito kuliko jiwe la Gvozden, basi kituo cha basi cha Pirot kiko ng'ambo ya barabara.

Alifikiri nafanya utani. Kisha akaacha kufikiri hivyo.

"Ukifia huko," akasema, "siji kukuchukua."

"Usije."

"Nasema kweli."

"Na mimi naomba kweli. Usije, usimtume mtu. Wanichimbie hukohuko nilipoangukia."

Alivaa kofia yake. Alisahau soseji na kisu mezani, nikampelekea mpaka mlangoni, akavipokea bila kunitazama. Nilirudi kwenye usukani, nikamwona akivuka barabara, mguu mmoja unatangulia, mwingine unafuata. Sikumwita. Mkono wangu ulikwenda kwenye honi mara moja, nikaurudisha.

Mpakani askari aliinamisha kichwa dirishani, akakitazama kiti kitupu chenye makombo ya mkate. "Wangapi mnasafiri?"

"Mimi."

"Peke yako? Na theluji hii?"

"Kwani theluji imeulizia watu wawili?"

Akanipigia muhuri bila kuendelea kuuliza.

Upande wa Bulgaria, kabla ya mji wa Dragoman, theluji ilishuka nzito na malori yakaanza kuteleza. Nikasogea kando kufunga minyororo ya matairi, ile ya kuzuia utelezi. Miaka yote hiyo mimi nilifunga nje na Radisav ndiye aliyelala chini na kukamata ndoano ya ndani, kwa sababu ana mikono mirefu. Nilitandika gunia nikalala chini ya gari. Ndoano ilinikwepa, ikanikwaruza, ikanikwepa tena. Maji yaliingia shingoni yakatokea kiunoni. Nilimtukana Radisav kwa Kiserbia, nikamtukana kwa Kibulgaria kwa kuwa nilikuwa nimeshavuka, nikamtukana mama yake niliyempelekea ngano, kisha nikamwomba radhi mama yake. Dereva wa lori la Kituruki alishuka akauliza kwa ishara kama nataka msaada. Nikamwambia hapana, ila asimame pale anikinge upepo.

Akasimama. Akavuta sigara yake mpaka mwisho, akawasha nyingine. Mnyororo wa kulia uliingia kwanza. Wa kushoto ulinichukua muda mrefu, nao ukaingia. Nilipotoka chini ya kombi vidole havikuweza kukunjika, nikavibana kwapani mpaka vilipoanza kuuma, ndipo nikapanda, nikaweka gia ya kwanza, nikaingia barabarani nyuma ya yule Mturuki, bado nina hasira, taa zote zimewashwa.